Jeti ya Kwanza Ilipitia Entebbe, Mwalimu

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Kabla ya kufunga muhula walipewa chemsha bongo ya maswali kumi kuhusu usafiri wa anga, ruksa kuuliza wakubwa nyumbani. Akaja kwa mjomba, maana ukoo mzima unajua nina ugonjwa wa ndege. Tukakaa mezani tukajaza. Ijumaa karudi na 9 kati ya 10, uso kaukunja. "Mjomba, umenikosesha."

Swali la saba: safari ya kwanza ya ndege ya jeti yenye abiria waliolipa nauli ilitoka wapi kwenda wapi? Tuliandika London hadi Johannesburg, 1952. Juu yake X nyekundu, imekandamizwa nusura itoboe karatasi. Pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa, jibu "sahihi": New York hadi Paris, 1958.

Jamani.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Comet, kazi ya kampuni ya de Havilland, iliondoka London na abiria 36. Ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone, ikaishia Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Hebu isome tena hiyo orodha taratibu. Ukiacha London, vituo ni sita, na vinne viko Afrika. Kimoja kiko kwenye ziwa hili hili tunalogombania sangara. Abiria wa dunia nzima walikuwa bado wanatikiswa na pangaboi, ilhali pale Entebbe jeti inatua, inajazwa mafuta, inaondoka. Wala hayakuwa majaribio. Watu walikata tiketi.

Na tuseme mwalimu hataki habari za Afrika, sawa. New York hadi Paris ni ya ngapi basi? Warusi walianza kubeba abiria na Tupolev Tu-104, Moscow hadi Irkutsk, mwaka 1956. Atlantiki yenyewe ilivukwa kwanza na Comet 4 za BOAC, toleo la baadaye la Comet ile, tarehe 4 Oktoba 1958. Pan Am, shirika la Marekani, na Boeing 707 yao ya New York hadi Paris, wakaja tarehe 26 mwezi huo huo. Mshindi wa nne huyo ndiye kapewa kombe.

(Swali la Chuck Yeager, rubani Mmarekani, kuupita mwendo wa sauti, 14 Oktoba 1947, tulipata vema. Kijana alilipenda sana lile: jamaa kaingia kwenye ndege na mbavu zilizovunjika baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, mlango anaufunga kwa kipande cha mpini wa ufagio.)

Haya, najua mtakachoniambia. Comet ile haikudumu. Kweli, haikudumu, na hapo nanyamaza kidogo, kwa sababu ndege iliyotua Entebbe siku ile, G-ALYP, ndiyo hiyo hiyo iliyosambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, dakika kama ishirini tu baada ya kuruka kutoka Roma. Watu 35. Miezi mitatu baadaye nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, watu 21, na Comet zote zikazuiwa kuruka.

Marehemu baba alikuwa fundi umeme, na plaizi yake siku zote iko kwa jirani. Akitaka kukata waya anaupinda huku, anaupinda kule, huku, kule, halafu ananigusisha pale kwenye kona: wa moto. Mara mbili tatu tena, umekatika, na mkono wake hata haukutumia nguvu. Comet ilikufa hivyo. Ilikuwa inapaa hadi futi 40,000, kule ambako hewa haitoshi kuvuta pumzi, kwa hiyo ndani inajazwa hewa na bodi inavimba. Ikishuka, inanywea. Kila safari kuvimba na kunywea. G-ALYP ilikuwa imefanya hivyo mara 1,290. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine nzima, wakaitumbukiza kwenye tangi la maji, mabawa yamechomoza nje, wakawa wanaisukumia maji na kuyapunguza, mchana na usiku. Ukihesabu na safari zake za kweli, ilipasuka kwenye mara ya 3,057, ufa ukianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa ubavuni. Kona ya waya wa baba.

Kila jeti tunayopanda leo imejengwa juu ya somo lile. Sasa kuifuta safari ya kwanza eti kwa sababu waliotangulia walikufa, na kumpa heshima aliyekuja baadaye akiwa tayari ameonyeshwa shimo liko wapi, mimi siwezi.

La pili mtakalosema: waliopanda hawakuwa sisi. Hilo nalo nalikubali, kwa shingo upande. Ilikuwa njia ya wakoloni, na miezi mitatu kabla, ni Entebbe hapo hapo Malkia Elizabeth wa Uingereza aliondokea kurudi kwao baada ya kupata msiba wa baba yake akiwa Kenya. Huo ndio uwanja wenyewe ulivyokuwa, mlango wa wakubwa. Lakini mwaka 1960 East African Airways, shirika la nchi zetu, lilikuwa na Comet 4 zake likienda nazo London. Shirika lile tukaja kulizika wenyewe 1977. Hiyo nayo hawakuiuliza kwenye chemsha bongo, na bora hawakuuliza.

Nimeandika chini ya karatasi, kwa kalamu ya bluu: "Habari za kazi, mwalimu. Naomba uliangalie tena swali la saba. Ni mjomba wake." Nimeweka na tarehe zote, na hiyo ya Tupolev.

Kijana kaisoma, kakunja karatasi mara nne, kaificha chini ya godoro. Anasema 9 zinamtosha.