Miiba chini ya spika: ubishi uko kwenye sauti, hatari iko kwenye kitako

Spika ndefu za kusimama sakafuni mara nyingi huja na kifuko kidogo ndani ya katoni: miiba minne ya chuma yenye hesi, nati zake na visahani vya kuwekea ncha. Wanaoifunga huapa kwamba besi imekaza. Wanaoiacha kwenye katoni husema ni mbwembwe za kuuzia. Nimesikiliza kwa namna zote mbili, na naona wote wanabishania jambo dogo.

Hoja ya miiba si ya kubezwa. Wufa, ile sehemu ya spika inayotoa besi, ikisukuma hewa mbele, kabati, yaani sanduku la spika, nalo husukumwa nyuma. Juu ya zulia nene spika husimama kama mtu aliye juu ya godoro. Miiba hupenya nyuzi hadi kwenye saruji, yumbayumba ikaisha. Ila piga hesabu: sehemu ya wufa inayocheza ina uzito wa gramu 20 hivi, kabati kilo 20. Kitu kilichozidiwa uzito mara elfu hakiwezi kulitikisa kabati kiasi kikubwa. Na kwenye sakafu ya zege yenye vigae, kama sebule nyingi za kwetu, hakuna zulia la kupenya. Mwiba unachora kigae siku unaposogeza spika ili udeki. Hapo mguu wa mpira mgumu unafanya kazi ileile bila kovu.

Kinachonishughulisha mimi ni kuanguka. Chukua spika ya kilo 20, kimo mita moja, upana sentimita 20, uzito wake ukiwa katikati. Kuiangusha ubavu kunahitaji mvuto wa kilo mbili tu pale juu. Mtoto wa miaka miwili anayejishikiza ili asimame anazo hizo na ziada. Ukiifunga juu ya jukwaa la upana wa sentimita 32, mvuto unaohitajika unapita kilo tatu. Jukwaa likiwa la chuma cha kilo kumi, unakaribia kilo tano.

Lakini neno ni “ukiifunga”. Nimeona watu wakiweka bamba zuri la mawe, kisha spika na miiba yake midogo juu yake, wakidhani wameongeza uthabiti. Hawajaongeza kitu: spika itaanguka kutoka juu ya bamba, tena kutoka juu zaidi. Jukwaa lishikwe na kitako cha spika kwa bolti, na miiba au mipira ikae kwenye kona za jukwaa. Fundi wa kuchomelea hukata bamba la namna hiyo kwa asubuhi moja. Miguu minne haikosi mmoja unaoning'inia, kwa hiyo weka pima maji juu ya kabati, fungua mguu uliolegea mpaka ugonge sakafu, ndipo ukaze nati.

Mahali pa kuiweka ndipo sauti na usalama vinapovutana. Spika ikiwa mita moja kutoka ukuta wa nyuma, sauti inayorudi hupingana na ile ya moja kwa moja karibu na hezi 86 (mitetemo 86 kwa sekunde), na besi hupungua pale. Ukiisukuma ukutani au konani, besi hufura na kuvuma. Kuisogeza sentimita 20 kutasikika hata na asiyejali muziki, jambo nisiloweza kusema kuhusu miiba kwenye vigae. Tatizo ni kwamba pahali panapopendeza sikio mara nyingi ni katikati ya njia ya kwenda jikoni.

Nimekubali besi ivume kidogo. Zangu ziko sentimita 40 kutoka ukutani, jukwaa limefungwa kwa bolti, mipira minne chini, miiba imerudi kwenye kifuko chake. Mtoto wa dada yangu ameshindwa kuziangusha. Siku hizi anachokoa twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, kwa kidole.