Mgeni wa KICC Anakula Wapi?

Hoteli ya InterContinental, katikati ya Nairobi, ilifungwa 2020. Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022. Zote mbili zilifunguliwa 1969, mnara wa KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, ukiwa bado unajengwa, na kutoka kwenye milango yao ungefika KICC kwa miguu kabla hujatokwa na jasho. Kila ninaposema kwamba jumba kubwa la maonyesho linaweza kuurudishia mji uhai, hilo ndilo jibu ninalopewa kwanza: mbona majirani zake wamefunga?

Ni swali la haki. Na limepata uzito zaidi tangu 2025, ulipozinduliwa ujenzi wa jumba jipya la mikutano la kimataifa pale Bomas, Lang'ata, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Wanaolishangilia jumba hilo wana hoja ambazo mtu hawezi kuzipuuza. Mjini hapana nafasi. Malori ya mizigo hukwama. Ulinzi wa wakuu wa nchi katikati ya ofisi, mahakama na Bunge ni mateso kwa kila mtu. Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi, barabara zinazoizunguka KICC zilifungwa, na mwenye duka wa hapo jirani hakuwa na la kufanya ila kungoja wageni waondoke. Ukimwambia mfanyabiashara huyo kwamba KICC ndiyo mkombozi wake, atakuona hujielewi.

Wapo pia wanaotazama takwimu za nje. Mtafiti Heywood Sanders aliandika 2005, katika ripoti ya taasisi ya Brookings, kwamba nafasi ya kumbi za mikutano na maonyesho Marekani ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 50 tangu 1990, ilhali soko lenyewe lilikuwa linadidimia. Miji ilijenga kwa ahadi, ikaishia kugombania wageni walewale. Onyo hilo nalikubali. Ila tulisome vizuri: ni onyo dhidi ya kujenga kumbi mpya juu ya zilizopo, nasi Nairobi ndio tunaojenga jipya wakati la zamani lingalipo.

Kinachopotea katika ubishi huu ni tofauti kati ya mkutano na maonyesho ya biashara. Tunaviita vyote "matukio", tunavihesabu pamoja, kisha tunashangaa hesabu haikai sawa.

Mjumbe wa mkutano huja na beji shingoni. Analala Westlands, Upper Hill au Gigiri, basi linamshusha mlangoni, chakula cha mchana anapakuliwa humohumo ndani, na jioni basi linamrudisha. Anaweza kukaa Nairobi siku nne asijue Moi Avenue iko upande gani. Pesa yake inapita juu ya mji kama ndege.

Mwenye banda la maonyesho ni mtu mwingine kabisa. Siku mbili kabla ya ufunguzi anahitaji seremala wa kumsimamishia meza na rafu. Anahitaji fundi wa umeme. Bango lililochapishwa na kosa la tahajia lazima lichapishwe upya usiku huohuo, na wa kulichapisha wako River Road. Waya wa kurefushia umeme na spika anazifuata Luthuli Avenue, fulana za wafanyakazi wake wanane zinatafutwa mjini, mbao zinatoka Gikomba, na mzigo unafika kwa mkokoteni kwa sababu gari la mizigo limekwama. Wale wanane wote wanakula mara tatu kwa siku, na hawana kuponi ya chakula. Haya yote yako mwendo wa mguu, au wa bodaboda ya bei nafuu, kutoka KICC. Kutoka Bomas kila kimoja ni safari.

Halafu waje watazamaji. Mtu aliyetoka Thika au Machakos kuja kuona mashine za kusaga anashuka kwenye matatu mjini, anatembea hadi lango la KICC, na akitoka ana begi la vipeperushi na njaa. Ananunua chai. Anakumbuka kwamba aliagizwa kiatu cha shule. Mtu huyo akipelekwa Lang'ata, atapanda matatu ya pili kwenda na ya pili kurudi, na wengi hawatakwenda. Mwenye banda ataliona hilo kwenye idadi ya waliopita mbele ya banda lake. Mji utaliona kwenye kiatu ambacho hakikununuliwa.

Sasa nirudi kwa Hilton na InterContinental, maana siwezi kuziruka. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na sidhani zinathibitisha kwamba jumba halisaidii. 2020 mikutano ilisimama dunia nzima kwa sababu ya korona. Hoteli iliyokuwa inachechemea ilianguka. Lakini kuchechemea kulianza zamani, pale ofisi za mashirika makubwa zilipohamia Upper Hill na Westlands na hoteli zikazifuata. KICC haikuweza kuzuia uhamaji huo peke yake, na ni kweli kwamba waliodhani mnara mmoja utabeba mji mzima walikosea. Hilo nakiri bila kinyongo. Ila mji uliokwisha kupoteza hoteli mbili ukinyang'anywa na maonyesho pia, unabaki na sababu ipi ya kumvuta mtu wa nje?

Philadelphia, kule Marekani, walikuwa na maumivu kama yetu. Treni ziliacha kuingia katika stesheni ya zamani ya Reading Terminal 1984, na chini ya stesheni hiyo palikuwa na soko la chakula la tangu karne ya 19, limechakaa. Jumba la mikutano na maonyesho lililofunguliwa 1993 lilijengwa likiunganishwa na stesheni hiyo, na soko likakarabatiwa badala ya kubomolewa. Leo anayetoka kwenye maonyesho anajikuta katikati ya wauza samaki, mkate na nyama, pamoja na wenyeji waliokuja kununua vya jikoni. Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa: majirani wa Chinatown walihofia, na kwa haki, kwamba jumba lingewabana. Lakini mlango ulifunguka kuelekea sokoni, na soko lilipona.

KICC yetu iliwahi kuaminiwa na dunia kabla hata rangi haijakauka. Septemba 1973, mwaka ilipofunguliwa, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilifanyia hapo mkutano wao wa mwaka, wa kwanza Afrika. Msanifu Mnorwe, Karl Henrik Nøstvik, na Mkenya David Mutiso waliiweka katikati ya mji, mbele ya uwanja wa watu. Uwanja huo tumeuzungushia vizuizi.

Basi wakuu wa nchi na misafara yao waende Bomas, wala sitalalamika. Mjini watatupunguzia kufungiwa barabara. Maonyesho ya biashara yabaki KICC, na mkataba wa kila anayeyaandaa uwe na mambo mawili: lango la upande wa City Hall Way liwe wazi kutwa, na chakula cha mchana kisipikwe ndani kwa ajili ya wote. Kisha usimamizi wa KICC uhesabu watu wanaotoka langoni saa saba mchana, kila siku ya maonyesho, na ukabidhi hesabu hiyo City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ng'ambo ya barabara.