Atakaye kasha tupu akatafute seremala

Jumamosi iliyopita alinijia kijana mmoja mpole, amevaa vizuri, kazi yake kupamba hoteli za ufuoni. Alikuwa amesikia kwa shemeji yangu kwamba nina jukiboksi, ile mashine ya baa inayopiga santuri kwa sarafu. Akaizunguka mara mbili, akagonga kioo kwa kidole, akasema: "Mzee, hili kasha nalitaka. Hiyo mitambo ya ndani ukitaka baki nayo, usipotaka nitaitupa mwenyewe. Tutatia spika za Bluetooth na taa za rangi, itapendeza sana."

Akataja bei. Bei ilikuwa nzuri, sitadanganya. Nikamwambia haiuzwi, nikamsindikiza hadi getini kwa heshima zote, nikarudi ndani nikakaa mbele ya ile mashine huku mikono ikinitetemeka. Wiki nzima hasira hazijanishuka, na ndiyo maana naandika.

Mashine yenyewe ni Seeburg ya nyimbo 160, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyoundwa Chicago. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo, aliyekuwa na baa Voi, si mbali na stesheni ya reli. Kaseti zilipoingia, akaifunika magunia na kuisukuma stoo. Ikakaa humo mpaka alipofariki, na siku ya kugawa vitu hakuna aliyeitaka. Nikaileta Mombasa juu ya lori la vitunguu, nimeikumbatia njia nzima.

Anayeiita mitambo hiyo takataka hajasimama mbele yake usiku, taa za nyumba zimezimwa. Santuri 80 zimesimama wima kwa mstari mmoja kama vitabu rafuni. Kigari kinapita kwenye reli yake, kinasimama penye santuri iliyochaguliwa, mkono unaiinua na kuibana, na sindano inaigusa ikiwa imesimama vilevile, bila kulazwa. Kigari kikielekea upande mmoja hupiga nyuso za kushoto za santuri. Kikirudi hupiga za kulia, na mota huzunguka kinyume. Kwa hiyo mashine haijali nani alitangulia kubonyeza. Inafuata safari yake.

Na safari hiyo ilikuwa na maana yake kwa muziki wetu. Nyimbo zetu nyingi hazikuenea upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, zikakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Baba mdogo alikuwa akinisimulia jinsi wateja walivyobonyeza Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, pande zote mbili. Sehemu ya kwanza inaisha gitaa ndiyo kwanza linapanda, halafu kigari kinaondoka! Kinakwenda kupiga chaguo la watu wengine mpaka mwisho wa reli, ndipo kirudi. Baa nzima inangoja sehemu ya pili. Watu walioinuka kwenda nyumbani wanakaa tena, wanaagiza moja ya mwisho. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo muziki wa Morogoro ulichapwa Nairobi, ukapita Voi kwa treni na malori, ukaingia ndani ya sanduku hili. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huku pwani ya Kenya, Januari 1979. Baba mdogo alisema wiki ile hakuna aliyebonyeza kitu kingine.

Sasa niambiwe, spika ya Bluetooth itakaa wapi katika hadithi hiyo?

Nisikilizwe vizuri. Kasha la jukiboksi ni mbao, kromu na kioo. Seremala mzuri na fundi wa vioo watakutengenezea jingine kwa mwezi mmoja, tena jipya, halina alama za glasi za watu waliokwisha kufa. Kitu ambacho hakuna mtu anayeunda tena ni kile kilichomo ndani. Mtu anayetoa mitambo na kubakiza kasha amekula ganda akatupa nazi.

Tena mitambo yenyewe inatengenezeka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Simu yako ikifa, fundi anakwambia nunua nyingine. Mashine hii ya zaidi ya miaka 60 ukifungua mlango wake unaona kila kitu: waya huu unatoka hapa unakwenda pale, gurudumu hili linasukuma lile. Mimi si mhandisi. Nilijifunza kulehemu kwa mzee mmoja fundi wa redio, jioni baada ya kazi, na sehemu kubwa ya matengenezo nimeifanya kwa bisibisi, brashi ya meno na subira.

Ilipofika haikusogea hata kidogo. Kila aliyeiona alisema imekufa mota. Kumbe ni grisi. Grisi ya zamani ikikaa miaka inakuwa ngumu kama nta ya mshumaa, na ndani ya stoo yenye vumbi la Voi inashika mchanga mwekundu ukawa kama saruji. Kosa la watu wengi ni kumwagia mafuta mapya juu yake. Hapana. Ifungue, osha kila kipande kwa spiriti mpaka chuma king'ae, halafu tia tone la mafuta ya cherehani pale panapozunguka na grisi mpya kidogo pale panaposuguana. Kidogo! Mafuta yakifika kwenye gurudumu la mpira yanalilainisha, linaanza kuteleza, na nyimbo zinayumba. Kazi hiyo ilinichukua miezi mitatu ya Jumapili.

Upande wa stima unahitaji woga wa heshima. Amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, ina volti mia kadhaa ndani yake, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kukutupa ukutani hata baada ya kuchomoa waya. Kapasita zote za zamani nilizibadilisha bila kuziuliza, kwa sababu zimeshakauka ndani hata kama nje zinapendeza. Rektifaya ya seleniamu, ile inayougeuza umeme uende upande mmoja, nayo niliitoa, kwani ikiungua hutoa harufu ya kuumiza kifua. Na usichomeke mashine iliyolala miaka 30 moja kwa moja ukutani. Weka balbu, ile ya zamani ya nyuzi, katika mfululizo na waya wake, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye mashine. Balbu ikiwaka sana, kuna hitilafu ndani, na umejua kabla ya moshi.

Hapa Mombasa adui wa kila siku ni chumvi ya bahari. Kontakti za shaba zinafanya ukungu wa kijani, vitufe vinaanza kusahau herufi zao. Nazisafisha kwa kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti, sizipigi msasa, maana msasa unakula ile ngozi nyembamba iliyopakwa juu yake. Kisha naipigisha mashine kila wiki, hata kama sina mgeni. Ikikaa kimya mwezi mmoja nitailipia kwa siku mbili za kazi.

Kuna kisa cha mota ambacho kila mwenye tabia ya kutupa vitu angepaswa kukisikia. Mota ya asili ilianza kunguruma, nikaagiza nyingine Marekani kwa gharama iliyoniumiza. Nikaifunga, nikabonyeza wimbo, na sauti ikatoka nzito, inaburuta, kama mtu anayeimba usingizini. Nilidhani santuri zimeharibika kwa joto. Yule mzee wa redio alisikiliza nusu dakika akaniuliza: "Mwanangu, stima ya Marekani inapiga mara ngapi kwa sekunde?" Mara 60. Yetu ni 50. Mota ya huko ikija kwetu inazunguka polepole, na santuri ya mizunguko 45 inageuka ya 37 na nusu. Kumbe mota ya zamani ilikuwa na kigamba kidogo cha chuma kwenye mhimili wake, kilichouongezea unene kiasi cha kufidia tofauti hiyo. Mtu fulani aliyeiandaa kwa ajili ya nchi zetu alikumbuka jambo hilo. Nikakichomoa, nikakivalisha mota mpya, na sauti ikasimama sawa. Siku moja kabla ya hapo nilitaka kuitoa mota ile kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Haya, nakubali. Spika za leo zinatoa sauti safi zaidi. Sindano ni ghali na ushuru wake ni mchungu. Santuri zenye tundu dogo lazima zitobolewe hadi milimita 38, kazi ambayo ukikosea kidogo tu wimbo unayumba milele. Na zipo mashine ambazo mchwa na mafuriko vimezimaliza kabisa. Hizo sawa, chukueni kasha. Lakini kwanza ng'oeni kila kilicho kizima, mkawape wenye mashine zinazohangaika. Yangu imeponywa na vipande vya mbili zilizokufa.

Lakini yangu haijafa. Na niwaambie jambo nililomwambia yule kijana, naye akanijibu "poa" huku akipima urefu wa kasha kwa hatua.

Seeburg hizi zina kumbukumbu ambayo kiwanda kiliiita Tormat. Ni vipete vidogo vya sumaku, kimoja kwa kila wimbo, vilivyofumwa kwa nyaya nyembamba kama unywele. Ukibonyeza herufi na namba, mpigo mfupi wa umeme unakigeuza kipete cha wimbo wako. Kigari kikipita kinakisoma, kinapiga, kinakifuta. Stima ikikatika, kipete hakisahau. Hakihitaji betri. Kinakaa vilevile, mwaka baada ya mwaka.

Usiku nilipomaliza kuunganisha kila kitu, nikachomeka. Balbu ikawaka kidogo ikafifia, vizuri. Valvu zikaanza kuwa nyekundu. Nilikuwa sijabonyeza kitufe hata kimoja. Nikasukuma swichi ya huduma iliyo nyuma, nione tu kama kigari kitasogea. Kikasogea. Kikaenda hadi katikati ya reli, kikasita, kikasimama. Mkono ukainua santuri. Nikasikia mkwaruzo, halafu magitaa mawili, halafu sauti ya mtu akiimba kwa Kiswahili ndani ya sebule yangu.

Mke wangu alitoka chumbani akauliza nani ameichagua hiyo. Nikashindwa kumjibu. Kuna mtu Voi, usiku fulani, alitia sarafu yake, akabonyeza, na kabla ya zamu yake kufika mashine ikazimwa. Akaenda zake. Sijui kama yu hai. Wimbo wake ulimngoja gizani chini ya magunia mpaka nilipochomeka waya.

Kijana huyo wa hoteli amepiga simu tena jana, amepandisha bei. Jibu langu ni lile lile.

Na wewe uliye na moja kama hii stooni, Nakuru, Kisumu, Arusha, popote, kabla hujamwita mtu wa kuchukua kasha, osha grisi, badilisha kapasita, weka ile balbu kwenye mfululizo, kisha usukume swichi ya nyuma na unyamaze. Huenda humo ndani kuna wimbo ambao mtu alishaulipia.