Mwaka 1885 Hautoshi

Majuzi mwalimu wangu wa zamani wa fasihi aliniita kwake nikamtazamie kitabu. King Solomon's Mines, riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard, jalada jekundu, mchapishaji Cassell wa London, 1885. Alikinunua mtandaoni kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, kwa kuwa utotoni alisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Frederick Johnson, mpaka kurasa zikachomoka. Muuzaji alikitangaza kuwa toleo la kwanza, na ushahidi aliotoa ni mwaka tu.

Nilifungua ukurasa wa 10. Katika chapa ya kwanza jina la Bamangwato limekosewa, likatoka "Bamamgwato". Hapa liko sawasawa. Nikaenda ukurasa wa 307, ambako chapa ya kwanza ilikosea "word" ikaandika "wrod". Nayo iko sawasawa. Mwalimu akaniuliza, "Mbona umenyamaza, mwanangu?"

Hasira ninayo mpaka leo. Riwaya iliyouzwa nakala 31,000 ndani ya miezi kumi na miwili haikuchapwa mara moja ikaisha. Ilirudi mtamboni tena na tena, makosa yakasahihishwa, mwaka ukabaki uleule. Anayekuonyesha 1885 hajakuonyesha kitu. Sisi tumezoea vitabu vyetu vya Kiswahili: unafunua nyuma ya ukurasa wa jina, unakuta Chapa ya Kwanza, Chapa ya Pili, na miaka yake. Wachapishaji wa London enzi za Malkia Victoria aghalabu hawakutuwekea orodha hiyo, kwa hiyo ni lazima uingie ndani ya kitabu chenyewe, ukurasa kwa ukurasa, utafute kilichokosewa.

Na hata pale mchapishaji alipoandika namba ya toleo, usimwamini upesi. Chapman & Hall walipotoa Great Expectations ya Dickens kwa juzuu tatu mwaka 1861, walitangaza toleo la pili, la tatu, mpaka la tano, yote ndani ya mwaka huohuo. Herufi zilikuwa zimepangwa mara moja tu. Kilichobadilishwa ni ukurasa wa jina, ili watu waone kitabu kinakwenda mbio. Kama mchapishaji mwenyewe alifanya hivyo, tangazo la mistari miwili nitaliaminije?

Riwaya nyingine za enzi hiyo nazo zina alama zake za chapa ya kwanza. Jane Eyre ya 1847: angalia kama ukurasa wa jina unasema Currer Bell, jina la kubuni la Charlotte Brontë, ni mhariri, si mwandishi. Vanity Fair ya Thackeray: tafuta picha ya mhusika Lord Steyne, ukurasa wa 336, maana baadaye iliondolewa. A Christmas Carol siigusi leo; wataalamu bado wanavutana juu ya karatasi za ndani ya jalada, zipi zilitangulia, za njano au za kijani.

Wapo wanaoniambia, ya nini kuhangaika na hadithi ya mkoloni? Wana hoja, nakubali kwa shingo upande. Haggard alituona kwa jicho la dola yake. Ndugu yake Jack alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza huko Lamu miaka hiyo ya 1880. Lakini kitabu hicho ndicho kilichomfundisha mwalimu wangu kupenda kusoma, kwa Kiswahili, na alitaka kushika nakala ya mwanzo kabisa kabla hajafa. Hilo nalo ni halali yake.

Labda muuzaji hakujua. Lakini anayedai bei ya chapa ya kwanza ana wajibu wa kujua, na kupiga picha kurasa mbili hakuzidi dakika moja.

Usiku ule tulimwandikia pamoja. Mimi nilitaka maneno makali. Mwalimu akayafuta, akabakiza namba mbili za kurasa na ombi la kurudishiwa tofauti ya bei. Leo ni siku ya sita. Hajajibu.