Wasindikizaji na Nguo ya Kuazima

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, kijiweni kwetu jirani na soko la Kilombero, hapa Arusha, kuna neno linafufuka: wasindikizaji. Ni wale wagombea ambao sura zao zimo kwenye karatasi ya kura, lakini chama chao hukijui mpaka usome herufi moja moja, na matokeo yao husomwa mbio mbio kama masharti ya bahati nasibu redioni. Tunacheka, kahawa inaendelea. Nami nilicheka miaka mingi, mpaka siku moja nilipomsikiliza fundi wangu.

Fundi wangu anashona suruali, na kijiweni anaitwa Mheshimiwa. Hajawahi kushinda hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Kagombea udiwani mara tatu, kwa vyama vitatu tofauti, na kura zake zote ukizijumlisha hazijazi Hiace tano. Futi kamba iko shingoni saa zote, chaki nyuma ya sikio, na ukimpelekea suruali ya kukunja pindo jua utakaa saa nzima, kwa sababu ataanza na bomba la maji lililokatika barabara ya mtaani, apande hadi Katiba, ndipo arudi kwenye suruali yako.

Nikamuuliza: "Mzee, mbona unahamahama vyama?"

"Sijahama mimi, naazima," akasema bila kuinua macho kwenye sindano. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, hilo najua, ndiyo kazi yangu. Lakini sheria inasema bila nguo ya chama huingii ukumbini. Nifanyeje?"

Neno hilo ndilo lililonirudisha kwa Mchungaji Christopher Mtikila.

Wengi wanamkumbuka kama kichekesho cha siasa zetu, mtu wa ghadhabu jukwaani, mwenyekiti wa chama cha DP (Democratic Party). Mwaka 2005 aligombea urais akapata kura 31,083, wakati waliopiga kura walizidi milioni 11. Ukimpima kwa kipimo hicho, kweli, alisindikiza. Ila mimi naona tulimsubiri kwenye sanduku la kura wakati yeye alikuwa masjala ya mahakama, akigombea haki ya kugombea bila kuazima nguo ya mtu.

Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, akidai Mtanzania aruhusiwe kuwa mgombea binafsi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Lakini serikali ilishapeleka Bungeni muswada wa kubadili Katiba hata kabla hukumu haijasomwa, na Desemba ukapita. Hebu fikiria: unashinda kesi, unatoka mahakamani unakuta kiatu ulichoshindania kimeshabadilishwa namba. Akarudi tena mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema jambo hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge.

Mtu mwingine angerudi kijijini Ludewa akalime. Yeye akaja Arusha.

Watu wa mji huu tunapita barabara ya Dodoma kila siku, tukielekea Kisongo, na wengi hatuna habari kwamba pale kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mtikila alifungua shauri pale, na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakafungua lao, mashauri yakaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, na uhuru wake wa kujiunga au kutojiunga na chama, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Ramadhani wakati huo alikuwa mmoja wa majaji wa mahakama hiyo hiyo, lakini hakukaa kwenye kesi, maana jaji hasikilizi shauri la nchi yake. Mtikila alidai pia fidia. Mwaka uliofuata akaambiwa hukumu yenyewe inamtosha.

Imetosha? Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mkoani Pwani. Sharti la kudhaminiwa na chama halijaondoka. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililomruhusu raia wa kawaida kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama ile. Kwa hiyo Mtikila mwingine akitokea leo, hata mlango alioupitia yule wa kwanza hataukuta. Mahakama bado iko hapa hapa mjini kwetu, tunawauzia wafanyakazi wake maparachichi.

Simpambi marehemu. Majukwaani aliwatukana Watanzania wenye asili ya Asia, akawaita magabacholi, na maneno yale yalikuwa sumu. Hakuna kesi aliyoshinda inayoyafuta. Msimamo wake wa kutaka Tanganyika isimame peke yake bila Zanzibar nao ulimgharimu: sheria ya vyama ya mwaka 1992 ilitaka chama kiwe na wanachama Bara na Zanzibar, yeye akagoma kuwatafuta Zanzibar, na DP ikakaa bila usajili wa kudumu mpaka 2002. Ndiyo maana mwaka 1997, kwenye uchaguzi mdogo wa Ludewa, ilibidi asimame kwa tiketi ya CHADEMA. Yaani hata yeye, mwenye kiburi chote kile, aliazima nguo.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaocheka. Tunavisema vyama vya mkobani, ambavyo ofisi yake ni simu ya mwenyekiti, na kweli vipo, vingine vinaamka mwezi wa nane vinalala wa kumi na moja. Lakini nani anavilisha? Sheria inayomwambia fundi cherehani mwenye hoja ya bomba la maji kwamba lazima kwanza atafute bendera. Atachukua ya chama gani? Kikubwa hakimtaki, kina foleni yake. Atachukua ile iliyo karibu, iliyokunjwa kabatini.

Serikali ilijitetea kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila na kuvunja umoja. Panda gari uende Namanga, kilomita mia na kidogo tu kutoka hapa, uvuke mpaka. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 85, inamruhusu mtu asimame peke yake. Wana matatizo yao ya kikabila, nani asiyejua, lakini ukiyachunguza utakuta yalipanda magari ya vyama vikubwa.

Mheshimiwa hana habari nyingi za Ibara ya 85. Jeraha lake ni la karibu zaidi. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 alijaza fomu, akairudisha mapema, amevaa koti. Kesho yake akaambiwa ameenguliwa: jina la chama kaliandika kwa kifupi badala ya kirefu. Aliporudi kushangaa, ofisi aliikuta imefungwa, kufuli nje, saa nne asubuhi. Alinisimulia hayo huku akishona, mguu haukutoka kwenye kanyagio.

Juzi nilimpelekea suruali ya mwanangu wa sekondari. Juu ya cherehani, ukutani, kuna maandishi ya chaki ya kushonea: majina ya vyama vitatu kwa kirefu, herufi kubwa, mawili yamepigwa mstari. La tatu lilikuwa limeanza kufutika kwa vumbi, na alipomaliza pindo alipanda kigoda, akalipitishia chaki upya.