Tochi Iliyoelea Ndooni

Tochi yangu ilitoka China kwa ndege, lakini betri zake nane zilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam na kumalizia safari chini ya kiti cha basi la Mtwara, kwa kuwa tangu mwaka 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria. Hivyo nilikaa miezi miwili na tochi nene kama kopo la maziwa ya unga, isiyoweza kumulika hata unyayo wangu.

Katika kungoja huko, mimi na mwalimu mwenzangu anayefundisha fizikia, ambaye naye maradhi ya tochi yamemkaa, tulianza kubishana kama ingeelea ikianguka baharini. Tulijaza ndoo pomoni, tukaididimiza tochi kwa kidole na kuyakinga maji yaliyomwagika: lita 1.9. Mizani ya duka la jirani ilionesha kilo 1.75. Tulipoiachia, ilichungulia juu ya maji kama kiboko wa Mto Ruvuma, na mwenzangu akakumbusha kwamba maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo baharini ingeelea vizuri kuliko hapo. Nilisadiki mno, hata nikaikataa kamba ya kuifunga mkononi.

Betri zilipofika nilizitia siku hiyohiyo, na usiku, mwezi ukiwa gizani, nikapanda dau la wavuvi wa dagaa katika ghuba ya Mikindani. Niliinama ubavuni kuonesha jinsi inavyomulika, ikaniponyoka.

"Msihofu," nikawaambia, "inaelea."

Tuliitazama ikishuka taratibu huku inawaka, pima tatu hadi mchangani. Hapo ndipo nilipozikumbuka betri nane, kila moja gramu 46 hivi, ambazo ndoo yetu haikuwahi kukutana nazo.

Nilivua shati nipige mbizi. Nahodha akanishika bega. Kule chini mwanga ulikwisha kukusanya dagaa, na nyuma ya dagaa walikuja ngisi.

"Mwalimu, vaa shati lako," alisema kwa upole. "Kwanza tuvue."

Nilingoja saa tatu, mpaka betri zikaisha, ndipo nikaruhusiwa kuzama na kupapasa mchanga, nikitafuta tochi bila tochi. Nilipoibuka nayo, nahodha alinipa fungu la ngisi, kisha akauliza kama kesho ningeweza kuiangusha karibu zaidi na mwamba.