Tubishane Kuhusu Maji, Chumvi Tuiache

Mwezi wa saba Arusha ni mwezi wa pua kuziba. Asubuhi baridi ya Meru, mchana vumbi la Muriet na Kwa Mrombo, na kwenye kila daladala hakosi anayevuta kamasi. Wengi hukimbilia amoksilini, ambayo haina lolote la kuwafanya virusi wa mafua, au matone ya kuzibua pua. Matone yanasaidia kweli, ila ukipitisha siku 5 hivi pua inayazoea: yakiisha nguvu inaziba upya, nawe unarudi duka la dawa.

Mimi ni mtu wa kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Hayaponyi mafua, tusidanganyane. Yanalainisha kamasi, yanaondoa vumbi, unapumua. Na si jambo geni: watu wa yoga kule India wanafanya hivyo tangu zamani kwa kibirika chenye mdomo mrefu, na Mwislamu akitawadha hupandisha maji puani.

Mtaani kinachobishaniwa ni chumvi, ya mawe au ya paketi. Hapo hesabu ni fupi: gramu 9 kwa lita moja, sawa na dripu ya hospitali. Kwa robo lita, weka nusu kijiko cha chai, tena pungufu kidogo. Ikipungua sana au ikizidi, utaisikia inachoma. Magadi yabaki kwenye makande.

Kwenye maji ndiko tunakolegea. Jirani yangu, mama mtu mzima, nilimkuta uani amekinga kikombe bombani, anakoroga chumvi kwa kidole.

"Mama, hayo umeyachemsha?"

"Chumvi inaua kila kitu, mwanangu."

Haiui. Kiwango hicho ndicho kilichomo mwilini mwetu, na vijidudu mbona wanaishi humo? Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu 2 walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa, tumbo linammaliza. Akiingia puani, anafuata mishipa ya fahamu ya harufu hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni ugonjwa adimu sana, lakini kinga yake ni sufuria na kiberiti, sasa uvivu wa nini?

Maji yatokote dakika 1 nzima. Walio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari waache dakika 3. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, ila mimi naacha 3 hizohizo, gesi haitaisha kwa hilo. Yafunike yapoe yawe vuguvugu. Ya chupa ya dukani nayo chemsha, maana ni ya kunywa tu. (Floridi yetu inayotia meno rangi ya kahawia haitoki kwa kuchemsha, lakini hiyo ni kesi ya kinywa.)

Nunua bomba la sindano la mililita 20, sindano yenyewe waachie. Inamia karai, laza kichwa upande, pumulia mdomoni, sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu yatokee la chini. Penga polepole, ukikaza, yanakimbilia masikioni. Bomba lioshe kwa maji yaliyochemshwa, ulianike likauke. Yakigoma kupita kabisa, au una homa na uso unauma, usilazimishe, nenda zahanati ukapimwe.